Maudhi na Madhara ya Dawa za Kifua Kikuu



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya dawa, si juu ya ugonjwa. Habari za kifua kikuu chenyewe mmekwisha kuzisikia mara nyingi: ya kwamba huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, ya kwamba huenea kwa pumzi ya mgonjwa akohoaye, ya kwamba si ugonjwa wa kurogwa wala wa kurithi. Hayo hatutayarudia. Liko jambo jingine ambalo twaona halisemwi vya kutosha katika vijiji vya pwani yetu ya Mtwara, tangu Mikindani na Msanga Mkuu mpaka Msimbati na mlango wa mto Ruvuma. Nalo ni hili: dawa zinazoponya kifua kikuu zaweza kuusumbua mwili wa mtu azimezaye, na mara chache zaweza kuudhuru. Mgonjwa asiyeambiwa habari hiyo mapema, siku atakapoona ajabu mwilini mwake atazitupa dawa kimya kimya. Au, akiwa mtu mvumilivu kupita kiasi, atazimeza mpaka zimwumize. Wote wawili wamekosa neno moja tu la kuambiwa.

Katika zahanati zetu wauguzi hutumia maneno mawili, maudhi na madhara, nasi tutayafuata. Maudhi ni yale yanayomkera mtu lakini hayamwachi na kilema. Madhara ni yale yanayoharibu kiungo. Kazi ya mgonjwa, na kazi ya watu wa nyumba yake, ni kuyatambua yapi ni yapi, na katika hali zote mbili kusema.

Tufikiri kwanza kwa nini dawa hizi humezwa muda mrefu hivi. Mtu wa malaria humeza vidonge siku 3 akainuka. Mtu wa kifua kikuu humeza miezi 6: miezi 2 ya kwanza dawa 4 kwa pamoja, nazo ni rifampisini, isoniazidi, pirazinamaidi na ethambutoli, kisha miezi 4 dawa 2, rifampisini na isoniazidi. Siku hizi dawa hizo huunganishwa katika kidonge kimoja, na idadi ya vidonge vya kila siku hupimwa kwa uzito wa mtu. Sababu ya urefu huo ni tabia ya kijidudu chenyewe. Vijidudu vingine vingi huzaana kila baada ya dakika chache. Hiki hujigawa mara moja tu kwa muda wa siku moja hivi, nacho kimevikwa ngozi yenye mafuta kama nta. Tena vingine hulala ndani ya mapafu, havili wala havikui, na dawa nyingi humwua adui wakati anapokua, si wakati amelala. Hivyo hapana budi dawa ikae mlangoni ikingoja mpaka kila kilicholala kimeamka.

Wakulima wa mikorosho wa Nanyamba, Tandahimba na Newala watatuelewa upesi. Ubwiri unga ukiingia katika maua ya mkorosho, mkulima hupuliza salfa, wala si mara moja, bali mara kadhaa kwa kufuata siku, mpaka maua yamefunga. Salfa huwasha macho na ngozi. Lakini hatujasikia mkulima akisema kwamba salfa imemwasha, kwa hiyo ataacha baada ya mpulizo wa kwanza. Hujifunga kitambaa usoni, huoga jioni, kisha huendelea. Na yule anayeacha katikati hulaumiwa na jirani zake wote, kwa kuwa ubwiri uliobaki katika mikorosho yake huhamia katika mikorosho yao. Kifua kikuu kina desturi iyo hiyo. Kijidudu kilichopigwa nusu hujifunza kuistahimili dawa, na mtoto wa jirani akikivuta, huanza ugonjwa wake na kijidudu ambacho dawa za kawaida hazikiwezi.

Sasa tuje kwenye maudhi yenyewe, tuanze na lile linalofukuza wagonjwa wengi zaidi, nalo halina ubaya wo wote. Ni rangi ya mkojo.

Mwanafunzi mmoja wa ualimu tuliyemfahamu alianza dawa siku ya Jumatatu. Jumanne asubuhi alirudi kutoka chooni amepauka, akawaambia wenzake kwamba anakojoa damu. Vidonge akavificha chini ya godoro, asiseme na mtu, kwa kuwa aliona haya. Siku 4 zikapita kabla mwenzake wa bwenini hajaviona akauliza. Kumbe kijana yule hakuwa na damu yo yote. Rifampisini ni dawa yenye rangi nyekundu kali, na mwili ukiitoa, huutia mkojo rangi ya chungwa lililoiva, pengine wekundu. Machozi hubadilika pia, na jasho, na mate. Shati jeupe laweza kupata doa kwapani. Rangi hiyo huanza siku ile ile ya kwanza, haina maumivu, nayo huondoka dawa zikiisha. Tena yafaa kuifurahia, kwa maana ni shahidi ya kwamba dawa imemezwa.

Lakini sikilizeni vizuri hapa, kwa kuwa kuna rangi nyingine inayofanana na hiyo nayo ni hatari kubwa. Dawa 3 kati ya hizi 4, yaani isoniazidi, rifampisini na pirazinamaidi, hupita katika ini, na ini la watu wachache hushindwa kuzichukua. Ini likiumia, mkojo nao huwa mweusi kama chai ya rangi. Je, mtu atatofautishaje? Atazame macho. Mgonjwa akae nje kwenye mwanga wa jua, avute chini ukope wa jicho, na mwingine amwangalie sehemu nyeupe. Rangi ya rifampisini huacha weupe wa jicho kuwa weupe. Ini lililoumia huufanya kuwa wa manjano. Tena mtu wa ini hupoteza hamu ya chakula kabisa, hata harufu ya samaki akaangwaye humchefua. Hutapika, huchoka kuliko alivyokuwa amechoka na ugonjwa, husikia uzito au maumivu chini ya mbavu za kuume. Huyo asimeze kidonge kingine kabla hajaonwa na tabibu, naye aende siku ile ile, asingoje siku ya kliniki. Huko watampima damu. Mara nyingi ini hupona dawa zikisimamishwa, kisha hurudishwa moja moja kwa uangalifu. Lakini aliyeendelea kumeza juu ya macho ya manjano aweza kufa.

Na hapa hatuna budi kutaja pombe, ingawa tunajua kwamba msimu wa korosho ukifika, uraka hutiririka kila kijiji, na mwenye kukataa huonekana mwenye kiburi. Uraka, tembo la mnazi na gongo, vyote hupita katika ini lile lile. Kulibebesha ini vidonge na pombe kwa pamoja ni kumpandisha punda mizigo miwili. Na dawa za mitishamba vilevile: si kwamba zote ni mbaya, lakini nyingine zina nguvu juu ya ini, na tabibu asiyejua unazinywa hawezi kujua ni kipi kilichokuumiza. Mwambie tu. Hatakufukuza.

Kichefuchefu kidogo cha majuma ya kwanza ni maudhi, si madhara. Aliyesumbuliwa nacho aulize kama yafaa ameze dawa pamoja na uji mwepesi, au wakati wa kulala. Wengi katika pwani hii hufunga Ramadhani. Juu ya ruhusa ya mgonjwa kutofunga, aulize wanazuoni wake, si sisi. Lakini aliyeazimia kufunga asibadilishe saa kimoyomoyo. Dawa humezwa mara moja kwa siku, na saa hiyo yaweza kupangwa pamoja na mwuguzi, kabla ya alfajiri au baada ya magharibi. Maumivu ya viungo katika miezi 2 ya kwanza, hasa magoti na vifundo, mara nyingi hutoka kwa pirazinamaidi, nayo hutulizwa kwa vidonge vya maumivu bila kuiacha dawa.

Miguu yataka maneno zaidi. Isoniazidi huutolea mwili vitamini iitwayo B6, ambayo mishipa ya fahamu huihitaji. Basi mgonjwa husikia ganzi katika nyayo, au kuchomachoma kama mtu aliyekanyaga mchanga wa moto, na usiku ndiyo huzidi. Wanaopatwa upesi ni mama wajawazito na wanyonyeshao, wenye kisukari, walevi, wenye virusi vya UKIMWI, na wale walioishi kwa chakula haba. Dawa yake ni kidonge kidogo cha piridoksini, yaani vitamini ile ile, na wengi hupewa tangu siku ya kwanza ili kuzuia. Lakini ganzi iliyoachwa miezi mingi pasipo kusemwa huchelewa kuondoka, na mvuvi asiyezisikia nyayo zake hukanyaga mwamba wenye chaza akajikata asijue.

Tukiwa bado katika habari za wavuvi, liko jambo moja ambalo laihusu pwani kuliko bara, nalo halijulikani sana. Samaki wa jamii ya jodari na vibua, akikaa juani muda mrefu baada ya kuvuliwa, nyama yake hufanya kitu kiitwacho histamini. Kupika hakukiondoi. Mwili wa mtu una namna yake ya kukivunja, lakini isoniazidi huifunga mikono namna hiyo. Kwa hiyo yule aliye katika dawa aweza kula jodari aliyelala, na baada ya muda mfupi uso wake ukaiva, kichwa kikagonga, moyo ukaenda mbio, mwili ukawasha, hali wenzake waliokula naye sahani moja hawana neno. Madaktari wa Sri Lanka, ambayo nayo ni nchi ya wavuvi, waliandika habari za wagonjwa wa namna hii katika miaka ya 1970. Hatusemi mgonjwa asile samaki. Samaki ndiye nguvu yake. Twasema ale aliyevuliwa siku ile, na kama hana hakika na jodari wa mnadani, basi katika miezi hiyo achague changu au tasi.

Ethambutoli nayo ina njia yake, nayo ni macho. Kwa watu wachache hudhuru mshipa unaochukua nuru kwenda ubongoni. Dalili ya kwanza mara nyingi si giza, bali ni rangi: nyekundu na kijani huanza kufanana. Jaribio lake ni rahisi na halihitaji chombo. Simama chini ya mkorosho wakati wa matunda, utazame mabibo mekundu katikati ya majani mabichi. Kama jana uliyaona yaking'aa na leo yamepotea katika majani, au kama kanga ya mkeo yenye nyekundu na kijani imekuwa kama imefuliwa mara mia, usimeze tena ethambutoli, uende hospitali siku ile ile. Ikigunduliwa mapema, macho kwa kawaida hurudi. Wanafunzi, hii ni kazi mnayoweza kuwasaidia wazee wenu: funga jicho lake moja, umsomeshe ukurasa, kisha jingine, kila juma.

Tusimame kidogo, tuwaeleze jinsi elimu hii ilivyopatikana, kwa kuwa haikuanguka toka mbinguni, na sehemu kubwa ilipatikana katika nchi zetu hizi.

Hapo zamani mgonjwa wa kifua hakuwa na dawa. Mwaka 1926 ilianza Kibong'oto, katika mitelemko ya Kilimanjaro, ambako wagonjwa walipewa hewa safi ya mlima, chakula na kupumzika, basi. Streptomaisini iligunduliwa Marekani mwaka 1943. Miongoni mwa watu wa kwanza kuijaribu Uingereza alikuwa mwandishi George Orwell, ambaye wengi wenu mmesoma kitabu chake katika Kiswahili kwa jina la Shamba la Wanyama. Mwaka 1948 alichomwa sindano hizo katika hospitali moja ya Scotland. Kifua kilianza kupata nafuu, lakini ngozi yake iliwaka vipele, kinywa kikajaa vidonda, nywele zikakatika na kucha zikaharibika, hata ilibidi sindano zisimamishwe. Dawa nyingine yenye nguvu kama hiyo ya kushika mahali pake hapakuwa. Alikufa Januari 1950. Leo mgonjwa aliyekataliwa na dawa moja hubadilishiwa, na tofauti hiyo peke yake ni maisha ya watu.

Kwa watu wengine streptomaisini ilikuwa na dhara jingine, katika masikio. Ndani ya sikio mna chombo cha kusikia na chombo cha kuusawazisha mwili. Sindano hizo zaweza kuviua vyote viwili. Mtu huanza kusikia mlio kama wa nyenje, au hupepesuka akitembea gizani. Na fikirini mvuvi asiyeweza tena kusimama katika ngalawa.

Ilipoongezwa isoniazidi mwaka 1952, na nyinginezo baadaye, matibabu yalichukua mwaka mzima au mmoja na nusu. Ndipo, tangu mwaka 1970, majaribio makubwa yalifanywa kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, yakaonyesha kwamba zikitiwa rifampisini au pirazinamaidi, miezi 6 yaweza kutosha. Yule anayelalamika leo kwamba miezi 6 ni mingi ajue kwamba wagonjwa wa Afrika ya Mashariki ndio waliosaidia kuipunguza, tena kwa faida ya dunia yote.

Jina la Daktari Leader Stirling si geni kwa watu wa kusini. Alifika Lulindi, katika nchi ya Masasi, mwaka 1935, akiwa daktari wa misheni ya UMCA, akatibu na kufundisha huku kusini kwa miaka mingi. Tangu 1975 mpaka 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, na mwaka 1977, katika zamani zake, ulianzishwa mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma. Aliyeshauri namna ya kuuendesha alikuwa Karel Styblo, Mcheki, ambaye yeye mwenyewe aliugua kifua kikuu katika kambi ya wafungwa ya Mauthausen wakati wa vita vya pili vya dunia. Yeye alishika neno moja: mgonjwa aangaliwe akimeza, na kila mgonjwa aandikwe katika daftari mpaka ajulikane ameishia wapi. Njia iliyojaribiwa hapa ndiyo Shirika la Afya Duniani lililoitangaza kwa nchi nyingine katika miaka ya 1990.

Lakini katika miaka ile ile lilitokea jambo la kuhuzunisha. Kidonge kimoja kilichotumika sana katika nchi zetu kwa kuwa kilikuwa rahisi kwa bei kiliitwa thiasetazoni. Kilipokutana na virusi vya UKIMWI katika mwili mmoja, ngozi za wagonjwa wengine zilichubuka kama za walioungua moto, na baadhi yao walikufa. Mwaka 1991 madaktari waliokuwa wakifanya kazi Nairobi waliitangaza hatari hiyo, na thiasetazoni ikaanza kuondolewa, ethambutoli ikachukua mahali pake. Siku hizi hakipewi tena katika matibabu ya kawaida. Twalitaja jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, iko familia ambayo bado husimulia kwamba marehemu aliunguzwa na dawa za kifua, nayo haisemi uongo. Lakini dawa ile siyo hii. Pili, ngozi yataka kuangaliwa hata leo. Mwasho mdogo hutulizwa. Vipele vyenye malengelenge, vidonda vya kinywani na machoni, homa na ngozi kuchubuka ni jambo la kuacha dawa saa ile ile na kukimbilia hospitali.

Wale wenye kifua kikuu sugu, yaani kijidudu kisichosikia dawa za kawaida, walikuwa na safari ngumu zaidi. Mwaka 2009 Kibong'oto ilianza kuwatibu, na mtu wa Mtwara alisafiri tangu mpaka wa kusini hadi mlima wa kaskazini. Matibabu yalipita mwaka mmoja, na ndani yake mlikuwa na miezi ya sindano za kanamaisini, ndugu yake streptomaisini. Wengi walipona vifua. Na kati ya waliopona wako waliorudi nyumbani viziwi, kwa maana sikio lililokufa kwa dawa hiyo halifufuki. Sisi tulio walimu tunajua gharama ya jambo hilo kuliko wengine: kijana aliyefaulu darasani hurudi akaketi mstari wa mbele, asisikie hata jina lake likiitwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kanamaisini iachwe, na mwaka 2022 likakubali matibabu ya miezi 6 ya vidonge vitupu kwa wengi wa wagonjwa hao. Dawa mpya nazo hazikukosa maudhi. Linezolidi huleta ganzi ya miguu, hupunguza damu na yaweza kugusa macho. Bedakwilini hutaka mapigo ya moyo yapimwe kwa mashine. Lakini mgonjwa hupona akisikia.

Mambo mawili yamebaki ambayo watu huona haya kuyasema.

La kwanza ni akili. Mara chache isoniazidi huchafua akili ya mtu: hukosa usingizi, huweweseka, husikia sauti, au hupatwa na degedege. Katika vijiji vyetu neno la kwanza ni majini, na mgonjwa hupelekwa penye ngoma, huku vidonge vikiachwa au, vibaya zaidi, vikiendelea. Hatukuja hapa kubishana na mtu juu ya majini. Twasema tu kwamba mtu aliyekuwa na akili timamu kabla ya kuanza dawa, akabadilika akiwa ndani yake, apelekwe kwanza kwa aliyempa dawa. Jambo hilo lina tiba.

La pili lawahusu kina mama. Rifampisini hulihimiza ini livunje upesi dawa nyingine. Vidonge vya uzazi wa majira, na vijiti vinavyotiwa mkononi, hupungua nguvu. Mama aweza kushika mimba asiyoitarajia. Amwambie mwuguzi, apewe njia nyingine kwa miezi hiyo. Vivyo hivyo mwenye dawa za virusi vya UKIMWI au za kisukari azitaje zote, kwa kuwa vipimo vyake huenda vikabadilishwa.

Sasa, kusema kwenyewe. Twajua kwamba wazee wetu hawapendi kumlalamikia kijana, hasa binti. Tumekaa katika mabaraza ya zahanati tukasikia mazungumzo kama haya:

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Dawa zaendaje?”

“Salama. Alhamdulillahi.”

Kisha mzee huondoka akichechemea. Mwuguzi ameuliza kwa adabu na mzee amejibu kwa adabu, na ganzi imebaki miguuni. Mwuguzi mwema huuliza jambo kwa jambo: “Babu, usiku nyayo zachoma? Wali waupenda kama zamani? Kanga hii waiona rangi gani?” Na mgonjwa naye, au yule wa nyumbani aliyemchagua amwangalie akimeza, aandike nyuma ya daftari siku ambayo kila jambo lilianza. Mwanafunzi wa darasa la nne aweza kumwandikia babu yake.

Mwisho, neno kwa wanaosafiri. Wavuvi hwenda dago majuma kadhaa. Wakulima na wafanya biashara huvuka Ruvuma pale Kilambo kwenda kwa ndugu zao upande wa Msumbiji, maana Wamakonde wako ng'ambo zote mbili. Wengi wa wale wanaokatiza dawa hawakukataa kuzimeza. Ziliwaishia mahali pasipo zahanati. Kabla ya kuondoka, nenda kliniki na kadi yako, useme siku ngapi hutakuwapo. Ukikaa majuma machache, utahesabiwa vidonge vya kutosha. Ukihama, utaandikiwa barua ya kupokewa kwingine, nayo dawa hailipiwi katika vituo vya serikali. Vidonge viwekwe katika kopo lenye kifuniko, mbali na maji ya chumvi, tena mahali ambapo mtoto hafiki. Na nahodha wa chombo aambiwe, ili mgonjwa akionekana macho yamekuwa ya manjano, tanga ligeuzwe siku hiyo hiyo.